Taji Lilivaliwa London, Maiti Walizikwa Kaduna

Wengi wa wasomaji wetu wa visiwani hawakupata kufika Songea. Sisi tuandikao tahariri hii tuna duka mjini humu, na kila siku baada ya Alasiri hukaa barazani pamoja na wanachama wenzetu waliovuka maji kuja kutafuta riziki huku Ruvuma. Hapo barazani ndipo yalipozuka maneno yaliyotulazimisha kushika kalamu. Ilitajwa khabari ya mashindano ya urembo, na kijana mmoja, mwanachama mwaminifu ambaye hatujapata kumwona akikosa mkutano, akasema: “Ami, hawa dawa yao ni ile ya Nigeria. Kule Waislamu walisimama, wakawatoa mbio na mataji yao.” Wenzake wakamwitikia. Wapo pia waliokwisha kutuandikia wakitaka chama kiwatoe watu barabarani kwa jambo hili.

Tuseme mapema, asije mtu kutuzulia: sisi hatuyapendi mashindano hayo. Binti wa watu kupitishwa mbele ya majaji, akatazamwa huku na huku, akapewa alama kama kitambaa kinachopimwa kwa yadi, si jambo tunalolitamania watoto wetu. Lakini kijana wetu hakusema tu kuwa hayapendi. Alisema kwamba Nigeria walitolewa mbio, na khabari hiyo, kama ilivyosimuliwa barazani, siyo iliyotokea.

Mambo yalianza kwa furaha. Tarehe 16 Novemba 2001, huko Sun City, Afrika ya Kusini, binti wa Kinigeria wa miaka 18, Agbani Darego, alivishwa taji la Mrembo wa Dunia, na alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kulipata. Hata sisi tusioyapenda mambo hayo tuliona fahari kidogo siku ile, na hatuoni sababu ya kuificha. Kwa ushindi huo Nigeria ikapata uwenyeji wa mwaka 2002. Serikali ya Rais Olusegun Obasanjo ilikuwa na miaka mitatu tu tangu kupokea dola kutoka kwa wanajeshi, na uchaguzi wa 2003 ulikuwa mlangoni. Ilitaka dunia iitazame Abuja iseme: nchi hii imetulia.

Nchi haikuwa imetulia. Majimbo 12 ya kaskazini yalikuwa yamekwisha kuingiza sheria ya Kiislamu katika makosa ya jinai, Zamfara ikitangulia. Kaduna, mji wa Waislamu na Wakristo wanaokaa mtaa kwa mtaa, ulikuwa umeungua mwaka 2000 kwa ugomvi wa jambo hilo hilo, wakafa watu zaidi ya elfu. Katika Katsina mwanamke maskini, Amina Lawal, alikuwa amehukumiwa kupigwa mawe hadi kufa kwa kuzaa nje ya ndoa, na rufaa yake ilikuwa imekataliwa Agosti 2002. Kwa ajili yake warembo wa nchi kadhaa, zikiwamo Denmark na Costa Rica, walikataa kwenda. Waandalizi wakaisogeza fainali kutoka 30 Novemba hadi 7 Desemba ili Ramadhani ipite, wakadhani wameupa mwezi haki yake. Lakini warembo wenyewe walitua Nigeria katikati ya mfungo, na picha zao zikajaa magazetini watu wakisubiri kufuturu.

Tarehe 16 Novemba gazeti la ThisDay lilichapisha makala yenye maneno ya mzaha yaliyomtaja Mtume, rehema na amani zimshukie. Hatuyarejei humu. Gazeti likaomba radhi, likarudia kuomba. Tarehe 20 umati uliichoma ofisi yake ya Kaduna. Hadi hapo mtu angeweza kudai, ijapokuwa sisi hatudai, kwamba hasira imemwendea aliyeikasirisha. Kesho yake hasira haikuwa tena na gazeti. Ilimwendea jirani. Makanisa yakachomwa, Wakristo nao wakalipiza, misikiti ikachomwa. Watu wakatolewa majumbani mwao wakauawa kwa majina yao tu. Msalaba Mwekundu walihesabu maiti zaidi ya 200. Wachunguzi wa Human Rights Watch baadaye walitaja kiasi cha 250, wakaeleza kuwa makumi kati yao hawakuuawa na umati, bali walipigwa risasi na askari na polisi waliopelekwa kutuliza. Maelfu waliyahama makazi yao.

Na warembo? Walikuwa hotelini Abuja chini ya ulinzi. Wakapandishwa ndege ya kukodi, na tarehe 24 Novemba wakawa London. Tarehe 7 Desemba, siku ile ile iliyopangwa, katika jumba la Alexandra Palace, taji lilivikwa kichwani mwa Azra Akin, binti wa Uturuki, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu. Shindano halikupoteza hata siku moja. Lilibadili ukumbi.

Basi twamuuliza kijana wetu: nani aliyetolewa mbio?

Mwenye duka wa Kaduna hakuwa na ndege ya kukodi. Twaijua hesabu yake bila ya kumwona, kwa kuwa ndiyo hesabu yetu: mali ni ya mkopo, daftari la wadeni limeungua pamoja na rafu, na yule anayemdai hakuungua. Muislamu alipoteza, Mkristo alipoteza, na wale waliolipwa kwa matangazo na televisheni walilipwa. Sisi tulipokaa mkekani kwa mwalimu wetu tulifunzwa kwamba kosa la mtu halitwikwi mtu mwingine. Fundi seremala Mkristo wa Kaduna aliandika makala gani? Aliyemchinja kwa jina la kumtetea Mtume alimvunjia Mtume heshima kuliko gazeti, na tunalisema hili sisi wenyewe tuliosoma chuoni, tusiwaachie wengine watusemee.

Tena tutazame aliyekuwa akipiganiwa na kila upande, Amina Lawal. Tarehe 25 Septemba 2003 Mahakama ya Rufaa ya Kiislamu ya Katsina ilimwachia, majaji wanne kati ya watano. Mawakili wake walisimama na hoja za kisheria, na za fiqhi khasa, mbele ya makadhi, nao makadhi wakazisikiliza. Khabari hiyo hatukupata kuisikia ikisimuliwa barazani hata mara moja.

Lawama ya kwanza, hata hivyo, twaitia kwa serikali ile. Nyumba ambayo watoto wake wamo katika kupigana haialiki harusi ya watu baki sebuleni ili majirani waseme kuna amani. Wala jambo la kutaka sura nzuri mbele ya wageni si la Nigeria peke yake. Sun City palipofanyika shindano hilo Desemba 1992 palikuwa bado ni katika Bophuthatswana, nchi ya bandia iliyotungwa na makaburu, na miezi mitatu tu ilikuwa imepita tangu watu 28 kuuawa kwa risasi huko Bisho wakiandamana.

Na kwetu je? Tanzania ilipata mrembo wake wa kwanza wa taifa mwaka 1967, Theresa Shayo. Mwaka uliofuata mashindano yakapigwa marufuku, hayakurudi hadi 1994. Wapo wazee wanaousifu mwaka ule wa 1968. Sisi twakumbusha kwamba katika Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU, Oktoba mwaka huo, vijana walisimamisha mabasi Kariakoo wakawashusha na kuwapiga wasichana waliovaa sketi fupi. Mwenye gari lake hakushushwa. Hivyo ndivyo heshima ya wanawake ilivyolindwa.

Wasomaji wa Pemba hawahitaji kufundishwa na sisi kitu gani hutokea askari wanapopewa kisingizio. Januari 2001 watu walitoka kudai uchaguzi wa haki. Tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita iliandika waliokufa 31. Wengine walitaja zaidi. Watu zaidi ya 2,000 walivuka kwa mashua hadi Shimoni, Kenya. Madai yale yalikuwa na maana, na bado damu yake inatuuma. Je, twende tukawape bunduki shabaha nyingine kwa sababu ya ukumbi wa muziki na wasichana ishirini waliovaa viatu virefu?

Hapa Songea kila mwezi wa Februari watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka Wangoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, zaidi ya watu 60, wakazikwa katika kaburi moja. Walisimama kwa ardhi, kodi na kazi ya kulazimishwa. Twapita mbele ya kaburi lile mara kwa mara tukienda kuchukua mzigo, na hatuoni uso wa kuwaambia wale waliomo kwamba sisi tumetoa watu kwa ajili ya shindano la urembo.

Kwa hiyo jibu letu kwa waliotuandikia ni hili. Gazeti hili halitaitisha maandamano dhidi ya shindano lolote la urembo. Asiyependa asikate tiketi, wala asimpe binti yake ruhusa. Na baba anayeogopa kuzungumza na binti yake nyumbani asitafute ujasiri wake barabarani. Ikiwa fedha ya umma imetumika kulipamba shindano, leteni karatasi yenye hesabu, nasi tutaichapa na jina la afisi iliyolipa. Na yeyote atakayemgusa msichana njiani kwa nguo yake, akijiita mwanachama wetu, tawi litamwondoa siku hiyo hiyo.

Mkutano wa tawi uko pale pale, Ijumaa baada ya Isha. Ajenda ni daftari la wapiga kura: nani jina lake halimo, na kwa nini. Kijana wetu ameahidi kuleta kalamu na karatasi za kuandikia majina.