Mavazi ya mchezoni yarudi mtaani kwa bei ya Paris

KAMPUNI ya mavazi ya Balenciaga ya Paris, Ufaransa, ilipoingia katika mchezo wa kompyuta wa Fortnite Septemba 2021, wachezaji waliweza kuwavisha wahusika wao nguo zake. Wakati huohuo, fulana na sweta za kofia zenye jina la mchezo huo ziliuzwa madukani kwa mamia ya dola za Marekani.

Ni safari ndefu tangu 2004, ulipotoka mchezo wa Grand Theft Auto: San Andreas. Mhusika wake mkuu, Carl Johnson, maarufu kama CJ, alianza na singlendi nyeupe na suruali ya jinzi. Mchezaji alimnunulia nguo, kuanzia Binco, duka la bei nafuu, hadi Didier Sachs la wenye fedha, na mavazi hayo yalihesabiwa katika heshima aliyopata mtaani.

Waliouunda mchezo huo hawakubuni mtindo. Waliuokota katika vitongoji vya Los Angeles vya mwaka 1992, ambako vijana walivaa suruali pana za kazi na mashati ya drafti kwa sababu zilikuwa imara na rahisi. Kijana wa Dar es Salaam aliyemwiga CJ naye hakuingia gharama. Singlendi alikuwa nayo.

Vijana wa Los Angeles hawana cha kudai. Hakimiliki ya Marekani hailindi mkato wa nguo, bali nembo ina ulinzi wake kama alama ya biashara, na nembo ndiyo Balenciaga iliyoiuza.