Kompyuta Ijifunze Mkono wa Mkulima

Mwaka 2010 wataalamu watatu nchini Marekani, Chris Harrison wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na Desney Tan na Dan Morris wa kampuni ya Microsoft, walitangaza chombo walichokiita Skinput. Ni ukanda unaofungwa mkononi. Mwenye kuuvaa hugonga ngozi yake kwa kidole. Mtikisiko hupita katika nyama na mifupa hadi kwenye ukanda, na kompyuta ikatambua mahali palipogongwa. Hivyo mwili wenyewe ukafanywa kibao cha kutolea amri.

Wapo watakaosema kwamba hayo hayamhusu mkulima wa mpunga wa Mohoro wala mvuvi wa delta ya Rufiji. Wasemao hivyo wanajidanganya. Mwaka 2015 Taifa letu liliandikisha wapiga kura kwa alama za vidole. Mwaka 2019 ulianza usajili wa laini za simu kwa alama hizo hizo, na kuanzia Januari 20, 2020, laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Kidole cha mwananchi kimekwisha kuwa ufunguo. Swali lililobaki ni hili: mashine hizi zimetengenezwa kwa kipimo cha mkono wa nani?

Alama ya kidole ni mistari midogo ya ngozi. Jembe, kasia, nyavu na shoka la kukatia mikoko huisugua mistari hiyo mwaka baada ya mwaka hadi ikafifia. Mtu wa ofisini hugusa kioo mara moja akatambuliwa. Mzee aliyelima maisha yake yote hugusa mara tano na bado akaambiwa hasomeki. Yaani mashine inaukataa mkono kwa sababu umefanya kazi! Hata Skinput ilionyesha dalili hiyo. Katika majaribio yake ya watu 13, watatu waliokuwa wanene kuliko wenzao ndio ambao chombo kiliwasoma kwa usahihi mdogo zaidi. Hakuna mashine isiyochagua miili.

Hatusemi kwamba teknolojia ikataliwe. Alama za vidole huzuia mtu mmoja kujiandikisha mara mbili, na hilo ni jambo jema. Wala kuutumia mwili kama chombo si jambo geni kwetu. Wazee wetu walipima nguo na mikeka kwa shibiri, dhiraa na pima. Lakini mwenye mkono ndiye aliyekuwa mpimaji. Mkoloni alipokuja aliugeuza utaratibu huo. Nchini Kenya, kuanzia miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, akikining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha bati. Kilikuwa chombo cha kuvaa, lakini kilimtumikia bwana na kumfunga mvaaji.

Mohoro inayajua mambo hayo kuliko mahali pengi. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale, Agosti 4, 1905, katika siku za mwanzo za vita vya Majimaji. Watu waliinuka kwa sababu mikono yao ilikuwa imefanywa mali ya wengine katika mashamba ya pamba ya kulazimishwa.

Kwa hiyo hatuna budi kudai mambo matatu. Kwanza, kila chombo kinachosoma mwili kijaribiwe kwa wakulima na wavuvi kabla ya kununuliwa kwa fedha za umma. Pili, pasiwe na huduma yenye mlango mmoja tu. Kidole kisiposomeka, pawepo njia nyingine iliyo halali na ya haraka. Tatu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 isibaki makabatini, bali ifahamike vijijini.

Kazi hiyo ni ya watumishi wa umma na walimu. Mtumishi anayemwambia mzee "mashine imekataa" na kumrudisha nyumbani hajamhudumia. Amejificha nyuma ya mashine. Mwalimu naye awafundishe vijana kwamba kompyuta imetengenezwa na watu, na yaliyotengenezwa na watu hurekebishwa na watu. Mkono uliolilisha Taifa hauna kosa. Mashine isiyoweza kuusoma ndiyo inayopaswa kurudishwa kwa fundi.