Uvira: siku moja bila maji, siku 12 za hatari

Kule Uvira, maji ya REGIDESO ikikatika, wamama na watoto wanabeba bidoni na kwenda kuchota ziwani Tanganyika ao mitoni. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulipima hatari yake. Watafiti walilinganisha maji iliyotolewa kila siku, kati ya 2009 na 2014, na hesabu ya watu waliopokelewa kwenye kituo cha matibabu wakidhaniwa kuwa na kipindupindu. Baada ya siku moja bila maji, wagonjwa waliongezeka kwa 155% katika siku 12 zilizofuata.

Maana yake, kuongeza mabomba peke yake haitoshi kama pompi inasimama kila mara umeme unapokatika. Umeme wa pompi nao ni kazi ya afya. Halafu kuna jambo lisiloomba pesa nyingi: maji ikikatika, zone ya afya ijulishwe siku ileile, ili klore ifike pale watu wanachotea, mbele wagonjwa hawajafika kituoni. Redio nayo itangaze, familia zitie dawa katika maji ya kunywa.

Swali kwa viongozi: siku ile, nani anapaswa kupiga simu ya kwanza?