Mambo ya Nyumbani: Vioo vya Kale Ukutani

Mwezi huu twataka kunena habari za kioo cha kujitazamia, hasa kile cha kale chenye kiunzi kizito cha mti, ambacho mtu hukirithi kwa wazee wake au hukinunua mnadani, akakitundika sebuleni. Wengi hukihesabu kuwa pambo tu. Walakini kina historia ndefu, tena vingine vina hatari nyuma yake, nayo yampasa mwenye nyumba kuijua kabla hajashika kisu kuvikwangua.

Hapo kwanza watu walijitazama katika maji yaliyotulia. Baadaye Wamisri, Wagiriki na Warumi walitumia sahani ya shaba iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Walimu watafaidiwa na neno hili darasani, maana watoto wenye akili huuliza: Katika Kutoka, sura ya 38, birika la shaba lilitengenezwaje kwa vioo vya wanawake? Je, kioo chaweza kuyeyushwa kuwa shaba? Jibu ni kwamba vioo vile vilikuwa shaba tangu mwanzo. Vivyo hivyo Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za kuona kwa kioo, wasomaji wake walijua vema kwamba shaba, hata ikisuguliwa sana, huonyesha sura yenye giza kidogo. Mwanafunzi aliyezoea kioo cha dukani hataelewa mfano huo asipoambiwa.

Kioo chenyewe kama tukijuavyo sisi kilipata sifa katika Venice, nchi ya Italia. Mwaka 1291 serikali ya mji iliamuru tanuri za kioo zihamishiwe kisiwa cha Murano, kwa kuhofia moto. Katika karne ya 16 mafundi wa huko waliuza vioo vyao Ulaya yote kwa bei kubwa mno, na siri ya kazi yao ililindwa kama hazina. Wafaransa wakawashawishi baadhi ya mafundi hao waje kwao, wakafungua kiwanda cha mfalme mwaka 1665. Ukumbi wa Versailles, uliomalizika mwaka 1684, ulipambwa kwa vioo 357. Mfalme alitaka wageni wastaajabu, nao walistaajabu kweli.

Lakini tusidhani kwamba fahari hiyo ilikuwa ya Ulaya peke yake. Katika Unguja, majumba ya Masultani yalijaa vioo. Binti Salme, mwana wa Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye akaitwa Emily Ruete, aliandika habari za vyumba vya kwao katika kitabu kilichochapwa mwaka 1886. Asema kulikuwa na vioo virefu vilivyoagizwa Ulaya, vikipanda ukutani mpaka kufikia dari. Sababu yake ni nzuri kuijua: Waislamu wale hawakutundika picha za watu wala za wanyama, basi vioo na saa vilishika mahali pa picha. Nako Lamu na Pate, zamani zaidi, wenye nyumba walichonga zidaka katika chokaa ya ukuta, wakapanga humo sahani za kaure kutoka Uchina, ili nuru kidogo iingiayo mlangoni ipate kitu cha kung'aria. Kwangu mimi hekima ya zidaka yapita ile ya Versailles, maana yaleta uzuri pasipo kujisifu kwingi.

Huku bara mambo yalikuwa mengine. Njia ya misafara kutoka pwani kwenda Unyanyembe ilipita Ugogo, ikaingia Mgunda Mkali, ambao sehemu yake kubwa sasa imo katika wilaya za kusini za Singida. Mizigo ilikuwa hasa nguo, yaani merikani na kaniki, pamoja na ushanga na nyaya za shaba. Vioo vidogo vilikuwa zawadi tu. Vitabu vingine vya wageni hupenda kusimulia kwamba watu wa bara walidanganywa kwa vioo. Maneno hayo hayana uzito. Wenyeji walichagua ushanga kwa rangi na kwa ukubwa wake, hata mfanya biashara aliyeleta aina isiyopendwa aliweza kukaa na mzigo wake pasipo mnunuzi.

Tena, tembe la kale halikuhitaji kioo kikubwa. Kuta zake ni za udongo, paa lake ni tambarare, na matundu yake ni madogo ili kuzuia baridi na adui. Kioo kikubwa kilianza kufaa nyumba zilipopata madirisha. Mtu akikiweka kuuelekea mlango au dirisha, chumba cheusi hupata nuru ya pili bila gharama ya mafuta wala ya umeme.

Sasa na tuje kwenye ile hatari. Kioo cha kale kilitengenezwa hivi: fundi alitandaza karatasi nyembamba ya bati mezani, akaimwagia zebaki, akatelezesha kioo juu yake, akakigandamiza kwa mawe mazito, kisha akakiacha majuma kadhaa ili zebaki iliyozidi ichuruzike. Mafundi wengi walipata ugonjwa kwa mvuke wa zebaki. Mikono yao ilitetemeka, meno yakalegea. Mji wa Fürth katika Ujerumani, uliojulikana sana kwa vioo, uliteswa hivyo. Mwaka 1835 mwanachuo Justus von Liebig alionyesha namna ya kukipaka kioo fedha badala ya zebaki, lakini kazi ya zamani haikukoma upesi; ilidumu mpaka karibu na mwaka 1900. Vioo vingi vya siku hizi hupakwa alumini au fedha.

Watu wa Iramba hawana haja ya kufundishwa zebaki ni kitu gani. Machimbo ya Sekenke yalianza wakati wa Wajerumani, na dhahabu yake ndiyo iliyotumika kupiga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo huko Tabora mwaka 1916. Hata leo wachimbaji wadogo huikamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma, na moshi wake hudhuru mchomaji na watoto walio karibu. Zebaki iliyo nyuma ya kioo ni ile ile.

Basi ukiwa na kioo cha kale, kwanza tazama mgongo wake. Ukiona rangi ya hudhurungi au nyekundu iliyopakwa vizuri, yaelekea ni cha fedha. Ukiona kijivu kitupu kama bati, pasipo rangi yoyote, shuku zebaki. Pia shika karatasi nyeupe mbele ya kioo: katika fedha huonekana ya manjano kidogo, katika zebaki huelekea kijivu au buluu. Kioo cha namna hii usikikwangue, usikipashe moto, wala usikitundike chumba cha watoto. Madoa yake meusi yaache. Wajuzi huyapenda, na kioo kilichobadilishwa mgongo hupungua thamani. Ukikuta matone yanayong'aa chini ya kiunzi, fungua madirisha, watoe watoto nje, uyakusanye kwa karatasi ngumu, uyatie katika chupa yenye maji na kifuniko, umpelekee afisa wa afya. Usitumie ufagio, maana huyavunja matone yakatawanyika.

Kwa kutundika, ukuta wa udongo haushiki msumari mmoja. Tia vigingi viwili vya mti mgumu, tena weka kibao chini ili kichukue uzito. Kipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ukiyaepuka maji pembezoni, kwa kuwa ndiko uharibifu unakoanzia. Nacho kisiwe karibu na jiko.