Masisi-Walikale: Freni si jambo la kumwachia Mungu

Wenye magari yanayobeba familia zilizohama kati ya Sake, Masisi na Walikale waache kusema "Mungu atasaidia" wakati pedali ya freni imelegea. Mafuta ya freni hunyonya maji. Kwenye mteremko mrefu yanachemka, pedali inazama, gari halisimami.

Kutoa hewa kunahitaji watu 2, ufunguo na mpira mwembamba. Mmoja anakanyaga na kushikilia. Mwingine anafungua skrubu ya gurudumu, kisha anaifunga kabla mguu haujaachia. Tanki dogo la mafuta lisikauke. Anayemimina mafuta ya injini humo anaharibu mipira ya freni.

Chupa ya mafuta mapya ni bei ndogo kuliko matanga. Shoferi asiyekagua freni asipakie watu.