Homa ya papasi yajificha nyuma ya kipimo cha malaria

KWIHARA, nje kidogo ya mji wa Tabora, bado hutajwa kwa sababu ya tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872, baada ya kuagana na Henry Morton Stanley. Habari za pembe za ndovu, watumwa na wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo hadi Bagamoyo zinafahamika. Lakini nyumba za udongo za njia ile zilikuwa pia maskani ya mdudu aliyewatesa wasafiri kupita kiasi, naye ni papasi.

Papasi si kama kupe wa ng'ombe anayeng'ang'ania mwilini kwa siku kadhaa. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na kuta. Usiku hutoka, humnyonya mtu aliyelala kwa muda mfupi, kisha hurejea mafichoni, na aliyeumwa huenda asijue kitu. Anaweza kukaa miaka bila chakula, hivyo hata nyumba iliyohamwa si salama kwa mgeni atakayelala humo baadaye.

Anachokiacha ni bakteria aina ya borelia, wanaozaliana ndani ya damu. Homa hupanda ghafla kwa siku chache, hushuka, mgonjwa akajiona amepona, kisha baada ya wiki moja hivi hurudi. Sababu ni kwamba bakteria hao hubadilisha umbo la nje, kinga ya mwili ikashindwa kuwatambua. Wakati mwingine hushambulia misuli ya moyo, na hapo mgonjwa anaweza kufa.

Daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alifariki kwa homa hiyo Februari 1905 akiwa anaichunguza Kasongo, Kongo, mji uliokuwa makao ya Tippu Tip. Bakteria hao walipewa jina lake. Mwaka huohuo Mjerumani Robert Koch aliwakuta papasi katika vituo vya kupumzikia vya misafara katika koloni la Afrika Mashariki, akabaini kuwa ugonjwa hupita katika mayai hadi kwa watoto wa papasi. Aliona pia kwamba wenyeji walikuwa na kinga waliyoipata tangu utotoni, ilhali wageni waliugua vibaya.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na misafara ikakoma. Papasi hakuhitaji msafara; alihitaji sakafu ya udongo na mtu wa kulala juu yake. Mwaka 2003 watafiti waliripoti katika jarida la Lancet kuwa borelia walikutwa katika damu ya watoto wa Mvumi, mkoani Dodoma, kijiji ambacho zamani misafara ya kwenda Tabora ilisimama kulipa hongo kwa Wagogo. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na wajawazito. Mama anaweza kuharibikiwa mimba, au mtoto akazaliwa na maambukizi.

Ni kweli kwamba ugonjwa huu umepungua pale ambapo tembe limeipisha nyumba ya bati na saruji. Hata hivyo, kuna jambo jingine linalofanya uonekane mdogo kuliko ulivyo. Zamani mtaalamu wa maabara akitafuta malaria kwa darubini aliweza kuwaona borelia palepale, wamejisokota kama nyuzi baina ya chembe nyekundu za damu. Kipimo cha haraka cha malaria, kilichoenea nchini tangu miaka ya mwishoni mwa 2000, hutafuta protini ya vimelea vya malaria tu. Borelia hawezi kuonekana humo hata akijaa tele.

Kipimo chenyewe hakina kosa. Kimefika katika zahanati zisizo na umeme wala darubini, na kimewaepusha wengi kumeza dawa za malaria wasizozihitaji. Kasoro iko katika yale yanayofuata. Jibu likiwa hapana, mara nyingi mgonjwa huambiwa hana malaria, hupewa dawa ya kutuliza homa na kurudishwa nyumbani. Homa ikishuka yenyewe siku mbili baadaye, kila mtu huamini kazi imekwisha. Jibu likiwa ndiyo, hali inaweza kuwa ngumu zaidi, maana mtoto anaweza kuwa na magonjwa yote mawili.

Hapa hahitajiki mtambo mpya. Linahitajika swali ambalo mganga wa zahanati anaweza kuliuliza bila gharama: mgonjwa analala wapi, kitandani au chini, katika nyumba ya namna gani? Anayelala kwenye sakafu ya udongo, na ambaye homa yake imerudi, anastahili kupelekwa palipo na darubini.

Dawa zipo na si ghali: doksisaiklini kwa watu wazima, erithromaisini au penisilini kwa wajawazito na watoto wadogo. Lakini saa chache baada ya dozi ya kwanza, bakteria wanapokufa kwa wingi, homa inaweza kupanda kwa kasi na shinikizo la damu likaanguka. Kumkabidhi mgonjwa vidonge na kumwacha atembee kilomita kadhaa kurudi kijijini ni hatari. Anapaswa kukaa chini ya uangalizi.

Damu nayo ichukuliwe wakati homa imepanda. Ikichukuliwa siku mgonjwa amepata nafuu, borelia huwa wachache mno kuonekana hata kwa darubini.