Dawa ya deni ni kulipa, hata katika muziki

Mnamo Mei 24, 2024, kundi la NewJeans la Korea Kusini, lililokuwa na wasichana 5, lilitoa wimbo uitwao How Sweet. Vijana wengi waliupokea kwa shangwe kana kwamba ni jambo jipya kabisa. Je, ni upya gani huo, ilhali mdundo wake umewapita waimbaji kwa umri? Mkubwa wao alizaliwa mwaka wa 2004. Mdundo wenyewe, Miami bass, ulizaliwa katika miaka ya 1980.

Chimbuko lake ni mitaa ya Wamarekani weusi mjini Miami. Vijana wa huko walitumia TR-808, mtambo wa kupigia midundo uliotengenezwa na kampuni ya Roland ya Japani kati ya 1980 na 1983. Mtambo huo haukupata soko zuri, ukaishia kuuzwa kwa bei nafuu kama mtumba. Wasio na fedha wakaupata, wakaufanya nguzo ya hip-hop.

Hawakushukuriwa. Mwaka wa 1990, jaji mmoja wa Florida aliamua kwamba albamu ya 2 Live Crew, kundi lililovuma kwa mdundo huo, ilikuwa chafu kisheria. Uamuzi huo ulibatilishwa na mahakama ya rufani mwaka wa 1992. Ni kweli kwamba maneno ya kundi hilo yalikuwa ya matusi, nami siyatetei. Hata hivyo, mdundo haukuwa na hatia.

Wako wanaodai kwamba Wakorea wameiba. Siafikiani nao. DJ Kool Herc, mmoja wa waasisi wa hip-hop huko Bronx mwaka wa 1973, alikuwa mzaliwa wa Jamaika. Sanaa hukua kwa kuazimana.

Lakini yafaa tukumbuke kwamba sheria ya hakimiliki hulinda wimbo, hailindi mtindo. Vijana wale wa Miami hawana wa kumdai hata senti. Malipo pekee yaliyosalia ni kutajwa.

Hapo ndipo mwalimu anapohitajika. Humkanya mwanafunzi anayenakili insha ya mwenziwe; basi na amfundishe pia kuuliza ngoma anayoicheza ilitoka kwa nani. Vijana na wacheze, ila wajue wanacheza kwa mkopo. Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa.